Mito Miwili Ndani ya Mtoki

Mtoto amekanyaga kipande cha chupa ufukweni. Siku ya kwanza analia kidogo, kidonda kinaoshwa, mchezo unaendelea. Siku ya tatu anaamka akichechemea, na akiulizwa panapouma haonyeshi unyayo, anaonyesha kinena. Mama anapapasa penye mkunjo wa paja na kukuta uvimbe wa ukubwa wa kokwa ya zambarau, mgumu kiasi, unaoteleza chini ya kidole na kumfanya mtoto aruke. "Mtoki huu," anasema, kisha anaushika mguu wa mwanawe na kuugeuza autazame unyayo.

Kuugeuza mguu namna hiyo ni elimu ya siku nyingi. Uvimbe uko kinenani, lakini mama anatafuta chanzo chake chini kabisa, kwenye kidonda ambacho mtoto mwenyewe ameshakisahau. Anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba ipo njia inayopanda kutoka unyayoni hadi kinenani, na kwamba uchafu wa kidonda hupita humo ukakwama hapo juu. Akiona uvimbe kwapani atakagua vidole vya mkono. Akiuona chini ya taya atauliza habari za jino. Kiswahili kimelipa jambo hili jina lake lenyewe, mtoki, mbali na jipu na mbali na rovu.

Yasiyojulikana sana ni yale yanayotendeka ndani ya kinundu chenyewe. Kinundu hicho ni tezi ya limfu, ambayo mara nyingi huelezwa kuwa chujio: maji machafu yanaingia, maji safi yanatoka. Maelezo hayo si ya uongo, ila yameacha nusu ya habari. Tezi ya limfu ni mahali ambapo mito miwili ya mwili, wa limfu na wa damu, hupitishwa karibu sana, umbali mdogo kuliko unene wa unywele, na katika ukaribu huo seli huvuka kutoka kwenye damu na maji huvuka kuirudia damu. Asiyeujua mvuko huo hawezi kueleza kwa nini mtoki huvimba, wala kwa nini hunywea.

Madaktari walianza kuzipapasa tezi hizi katika Afrika kwa sababu ya malale. Mwaka 1803 daktari Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyekuwa amefanya kazi Sierra Leone, aliandika kwamba wafanyabiashara wa watumwa walikataa kumnunua mtu mwenye tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Walijua kuwa usingizi wa mauti ungemjia. Uchunguzi wa kitabibu unaofundishwa hadi leo kwa jina la Winterbottom ulizaliwa basi sokoni, kwenye mikono iliyompapasa binadamu kama ng'ombe wa mnadani.

Karne moja baadaye malale yaliteketeza vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria. Katika Uganda peke yake hukadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa kati ya mwaka 1900 na 1920. Mwaka 1904, madaktari Greig na Gray waliokuwa Uganda walichoma sindano kwenye tezi za shingo za wagonjwa, wakavuta tone la majimaji na kulitazama kwa hadubini. Humo waliwakuta vimelea wa malale, tripanosoma, wakipiga mikia, tena kwa urahisi kuliko katika damu ya wagonjwa walewale. Wakati huohuo Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, waliotumwa na Shule ya Tiba ya Kitropiki ya Liverpool, walikuwa wakikata nchi ya Kongo wakipapasa shingo kijiji baada ya kijiji. Dutton hakurudi kwao. Alifia Kasongo, katika Maniema, Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30, kwa homa ya papasi, ugonjwa mwingine aliokuwa akiuchunguza.

Upapasaji wa shingo ukawa desturi ya serikali za kikoloni. Watu walipangwa mistari, vidole vya wageni vikapita shingoni mwao, na aliyekutwa na tezi aliweza kutengwa kambini mbali na jamaa zake. Wengi waliukimbia upimaji huo, na walikuwa na haki ya kuukimbia. Hata hivyo lile tone la majimaji lilileta swali zuri: kama damu inapita kwenye tezi hizo sawa na inavyopita kila mahali, kwa nini kimelea aliyejificha kwenye damu aonekane kwa urahisi kwenye tezi?

Ni kwa kuwa tezi hupokea mto mwingine. Na mto huo uligunduliwa Ulaya kwa bahati.

Tarehe 23 Julai 1622, mjini Milan, daktari Gaspare Aselli alikuwa amempasua mbwa aliye hai mbele ya rafiki zake ili awaonyeshe neva za koo na mwendo wa kiwambo. Alipoyasogeza matumbo aliona nyuzi nyeupe nyembamba zimetanda kwenye utando unaoyashika. Alidhani ni neva. Alipoukata mmoja, ukatoka ugiligili mweupe kama maziwa. Mbwa yule alikufa, na mbwa aliyepasuliwa baadaye hakuonyesha uzi hata mmoja. Aselli akakumbuka kwamba mbwa wa kwanza alikuwa ameshiba na wa pili alikuwa na njaa. Akamlisha mwingine, akampasua, na zile nyuzi nyeupe zikatokea tena: ilikuwa mishipa inayochukua mafuta ya chakula kutoka utumbo. Alikufa 1625, na kitabu chake kilichotoka 1627 kilichapwa na picha za rangi, jambo la nadra mno zama hizo. Alikosea jambo moja. Alifikiri mishipa hiyo inakwenda kwenye ini.

Mfaransa Jean Pecquet ndiye aliyeifuata hadi mwisho wake. Mwaka 1651 alieleza kuwa hukusanyika katika mfereji mmoja unaopanda kifuani mbele ya uti wa mgongo na kumwaga kila ulichobeba ndani ya vena kubwa chini ya shingo. Baada ya miaka michache Thomas Bartholin wa Denmark na Olof Rudbeck wa Sweden, waliogombania nani alitangulia, walionyesha kwamba mishipa ya namna hiyo haiko tumboni tu bali imeenea mwilini. Bartholin aliiita mishipa ya limfu, kwa neno la Kilatini lenye maana ya maji maangavu. Na kweli, limfu ya mguu ni maangavu yenye umanjano kidogo, kama maji yanayotoka kwenye lengelenge.

Maji hayo yanatoka wapi? Yanatoka kwenye damu. Kapilari zetu huvuja, tena kwa faida yetu, maana bila kuvuja seli zisingepata chakula. Kwa siku nzima, lita 8 hivi za maji ya damu huishia katika mishipa ya limfu. Mtu mzima ana takriban lita 3 tu za plazma, yaani ile sehemu ya damu isiyo na chembe. Kwa hesabu hiyo, kila saa tisa plazma yote huwa imekwisha kumwagika nje ya mishipa ya damu, na kama isingerudishwa mtu asingeiona jioni ya siku aliyoamka mzima.

Mto wa limfu hauna moyo wake. Mishipa yake imegawanyika vipingili kama muwa, na kila kipingili kina vali na msuli laini unaojibana wenyewe, kikisukumia kingine. Misuli ya mguu ikijikaza katika kutembea, na kifua kikipanuka katika kuvuta pumzi, mto huo hupata msaada. Mwendo wake ni wa taratibu. Na kabla haujafika shingoni hupitishwa kwenye vituo: tezi zenye umbo la haragwe, nyingine ndogo kama punje ya mtama, nyingine kubwa kama kunde au zaidi, mamia kwa mamia. Vitabu vingi vya anatomia hutaja 600 hivi kwa mtu mmoja.

Chukua tezi moja ya kinenani. Upande wake wa mgongo, ule uliobinuka, hupokea mishipa kadhaa ya limfu inayotoka mguuni. Upande wa bonde, pale ambapo haragwe hushikamana na ganda lake, ndipo limfu hutokea kwa mshipa mmoja au miwili. Na kwenye bonde hilohilo, kama mlango wa nyuma wa nyumba, ateri huingia na vena hutoka. Limfu inaingilia mgongoni, damu inaingilia bondeni.

Limfu ikishaingia humwagikia kwanza kwenye ukumbi mwembamba ulio chini ya ganda la tezi. Sakafu ya ukumbi huo ina seli zinazoitwa makrofaji, ambazo huchomoza mikono yao kwenye mkondo na kudaka bakteria, virusi na takataka. Hiyo ndiyo kazi ya chujio. Mafuriko ya limfu hayaruhusiwi kupenya hadi katikati ya tezi, kwa sababu katikati kumejaa limfosaiti, zile seli nyeupe ambazo kila moja imezaliwa na uwezo wa kumtambua adui mmoja tu. Mkondo mkubwa huzungushwa pembeni, kama mfereji unaozunguka shamba, hadi kwenye tundu la kutokea.

Lakini shamba lisilopata tone lingekauka. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani, miongoni mwao Arthur Anderson, Stephen Shaw na Elizabeth Gretz, walieleza vizuri mfumo wa mifereji midogo mno inayotoka sakafuni mwa ukumbi na kuchoma moja kwa moja kuelekea ndani. Kila mfereji una kiini cha nyuzi za kolajeni kilichovikwa ala ya seli. Molekuli kubwa haziingii. Molekuli ndogo, zenye uzito usiozidi takriban kilodaltoni 70, huingia pamoja na maji na kusafiri kwa kasi hadi ndani kabisa. Na mifereji hiyo haiishii popote tu. Mingi huishia kwenye kuta za mishipa fulani ya damu, ikiigusa kama mizizi inavyogusa mwamba.

Mishipa hiyo ya damu ndiyo moyo wa sura hii.

Ateri ikiingia tezini hugawanyika kuwa kapilari, na kapilari huungana tena kuwa vena ndogo. Popote pengine mwilini ukuta wa ndani wa vena ndogo umejengwa kwa seli bapa, nyembamba kama vigae vya sakafu. Humu seli ni nene, zimeumuka kama maandazi yaliyopangwa kwenye sinia. Mwaka 1898 Mjerumani aitwaye Thomé aliziona katika tezi za kima, akaziandika, na kwa zaidi ya nusu karne hakuna aliyejua kwa hakika zina kazi gani.

Fumbo lilikuwa upande mwingine, kwenye ule mfereji wa Pecquet. Kila siku mfereji huo humimina shingoni limfosaiti nyingi kiasi cha kutosha kubadilisha limfosaiti zote za damu mara kadhaa. Ila idadi yao katika damu haiongezeki. Zinakwenda wapi? Wapo waliosema zinakufa, wengine wakasema zinageuka kuwa seli za aina nyingine. Howard Florey, yuleyule aliyesaidia kuifanya penisilini kuwa dawa, alimpa kijana mmoja wa Oxford, James Gowans, swali hilo alishughulikie.

Gowans aliwawekea panya mrija kwenye mfereji wa kifua na kuikinga limfu yao siku baada ya siku. Limfosaiti zilizotoka zikapungua, zikapungua tena, zikawa chache mno. Kama zingekuwa zinatengenezwa upya kila siku, mtiririko usingekauka hivyo. Aliporudisha limfosaiti hai kwenye damu ya panya, idadi haikuanguka. Jibu likawa wazi: ni zilezile. Hutoka kwenye limfu zikaingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu zikarudi kwenye limfu, zikizunguka maisha yao yote. Taarifa zake zilitoka 1957 na 1959. Mwaka 1964, yeye na mwenzake Knight waliziwekea limfosaiti alama ya mionzi, wakazidunga kwenye damu, kisha wakazitafuta kwenye vipande vyembamba vya tezi. Waliziona mahali pamoja tu zikivuka ukuta: kwenye zile vena ndogo zenye seli kama maandazi.

Ni ugunduzi unaostahili kujulikana kuliko unavyojulikana. Huko Canberra, Australia, Joseph Hall na Bede Morris waliukuta ukweli huohuo kwa kondoo. Katika limfu inayotoka kwenye tezi ya nyuma ya goti, seli nyingi mno hazikuzaliwa humo, zilikuwa zimeletwa na damu. Siku hizi inafahamika kuwa katika tezi isiyo na vita, karibu limfosaiti tisa kati ya kumi zimeingilia mlango wa damu. Limfu huleta habari na wajumbe, na damu huleta jeshi.

Mwaka 1976 Hugh Stamper na Judith Woodruff walifanya jaribio ambalo uzuri wake uko katika wepesi wake. Walikata tezi ya panya iliyogandishwa vipande vyembamba, wakaumimina juu yake mchanganyiko wenye limfosaiti hai, wakausuuza. Tezi ilikuwa imekufa, damu haikuwamo, lakini limfosaiti ziling'ang'ania kuta za vena zilezile na kuacha sehemu nyingine tupu. Maana yake ukuta wenyewe una gundi.

Watafiti waliofuata waliifahamu gundi hiyo kwa majina. Limfosaiti inapopita, protini iliyo juu yake, selektini, hunasa kwenye sukari zilizopakwa ukutani; haisimami bali hubiringika, ikinasa na kunasuka, mwendo ukipungua. Ikiwa inabiringika hukutana na kemokini, molekuli za kuitia zilizobandikwa hapohapo. Mwito ukisikika, ndoano nyingine, imara zaidi, hufunguka na seli husimama kabisa katikati ya mkondo wa damu. Kisha hujibana na kupenya. Baadhi ya kemokini hizo hutoka mbali, huletwa na limfu kwa njia ya ile mifereji midogo na kupitishwa hadi upande wa ndani wa mshipa wa damu. Kwa hiyo kidonda cha unyayoni kinaweza, kwa saa chache, kubandika tangazo lake kwenye ukuta wa mshipa ulio kinenani.

Sasa maji. Seli huvuka kutoka damu kuja tezini. Maji huelekea upande wa pili.

Tangu Ernest Starling alipoandika mwaka 1896 kuhusu nguvu zinazosukuma maji nje ya kapilari na zinazoyavuta yarudi, wanafunzi wamefundishwa kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyovuja hurudi ndani mwishoni mwa kapilari ileile. Shinikizo la damu hupungua njiani, protini za plazma huvuta maji, mambo yakasawazika. Rodney Levick na Charles Michel, katika makala yao ya 2010, walionyesha kuwa katika tishu nyingi jambo hilo haliwezi kudumu. Sababu yake mpishi yeyote anaielewa. Mchuzi ukipunguka maji hukolea. Kapilari ikianza kunyonya maji kutoka kwenye tishu, protini zilizobaki nje hukolea na zenyewe huanza kuyashika maji yasiondoke. Unyonyaji husimama.

Tezi ya limfu hailingani na tishu hizo, kwa kuwa humo kuna anayeongeza maji sufuriani bila kukoma. Limfu inayofika ina protini chache kuliko plazma. Damu iliyo kwenye kapilari na vena za tezi huyanyonya maji yake; protini za nje zinataka kukolea, lakini limfu mpya inaingia na kuzizimua, na unyonyaji unaendelea mchana na usiku.

Waliolipima jambo hili kwa makini walikuwa Thomas Adair na Arthur Guyton, mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Mississippi, Marekani. Guyton, ambaye kitabu chake cha fiziolojia kimesomwa na vizazi vya madaktari duniani kote, alikuwa amepooza sehemu ya mwili kwa polio tangu 1946 na hakuacha maabara. Wawili hao walipima limfu ya mbwa kabla na baada ya kupita kwenye tezi. Iliyotoka ilikuwa na protini iliyokolea zaidi: maji yalikuwa yamepungua humo ndani. Walipopandisha shinikizo kwenye vena za tezi, mkondo uligeuka na maji ya damu yakamwagikia kwenye limfu. Mvuko huo hutegemea mizani ya pande zote mbili, na shinikizo likibadilika mwelekeo hugeuka.

Kwa binadamu, kadirio linalotajwa ni kwamba kati ya zile lita 8 zinazoingia kwenye mishipa ya limfu kila siku, nusu hivi haifiki kwenye mfereji wa kifua kamwe. Lita 4 hunyonywa na damu ndani ya tezi. Kwa karne tatu tangu Pecquet ilidhaniwa kuwa limfu hurudi kwenye damu kwa mlango mmoja mkuu wa shingoni. Kumbe kuna vimilango mamia, na nusu ya maji hupitia huko kimyakimya.

Turudi kwa mtoto wetu. Bakteria wa unyayoni wamepanda na limfu, wengine wamedakwa na makrofaji ukumbini. Nyuma yao wanakuja wajumbe wengine, seli za ngozi zenye matawi, ambazo hula sampuli ya adui kidondani kisha husafiri ndani ya limfu kuja kuionyesha. Safari yao huchukua kama siku moja. Tezi hujibu kwa kuugusa kwanza mto wa damu: ateri inayoilisha hutanuka na damu inayoingia huongezeka mara kadhaa. Limfosaiti zikaingia kwa wingi kuliko jana.

Kwa muda mlango wa kutokea nao hufungwa. Katika siku za kawaida limfosaiti hukaa tezini kama nusu siku hadi siku moja, ikikagua sampuli, na isipomwona adui wake hutoka ikifuata mvuto wa mafuta fulani ambayo ni mengi katika limfu na damu lakini machache ndani ya tezi. Vita ikianza, seli huacha kuusikia mvuto huo. Wanaoingia ni wengi, wanaotoka ni haba, na wale wachache waliomtambua adui wanaanza kuzaana. Hata kiunzi cha tezi hulegea. Mwaka 2014 na 2015 vikundi viwili vya watafiti vilionyesha, kwa panya, kwamba seli zenye matawi zikigusana na seli za kiunzi huziamuru ziache kujikaza, na tezi hupata nafasi ya kutanuka. Ganda la nje huvutika, na hapo ndipo mtoto anaporuka akiguswa.

Elimu ya mlango huo imezaa dawa. Fingolimodi, iliyobuniwa kutokana na kemikali ya kuvu anayeota juu ya wadudu, huziba masikio ya limfosaiti zisiusikie mvuto wa kutoka, zikabaki tezini. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ugonjwa ambao kinga ya mtu hushambulia ala za neva za ubongo na uti wa mgongo wake mwenyewe.

Mto wa limfu ukizibwa kabisa, hakuna mlango wa damu utakaotosha. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua hilo kwa macho. Mnyoo wa matende, mwembamba kama uzi, huletwa na mbu na kuishi ndani ya mishipa ya limfu yenyewe, mara nyingi ya miguu na ya korodani, kwa miaka 6 hadi 8. Mishipa hutanuka, vali hazishikani tena, maji yenye protini hurudi nyuma na kutuama. Mguu hujaa. Ngozi hupasuka, bakteria huingia kwenye nyufa, na kila homa inayofuata huharibu mishipa zaidi. Zanzibar ilianza mwaka 2001 kuwagawia watu wa Unguja na Pemba dawa za ivermektini na albendazoli kwa pamoja, mara moja kwa mwaka, ili kukata maambukizi. Kwa aliyekwisha kuvimba, sabuni, maji safi, kukausha katikati ya vidole na kuuinua mguu anapolala humpunguzia homa hizo kwa kiasi kikubwa. Ni matibabu ya bei ndogo, na inauma kuona watu wakiishi miaka wamefichwa vyumbani bila kuambiwa hata hayo.

Saratani nayo huitumia njia hiihii. Mwanamke mwenye saratani ya titi huulizwa mapema kuhusu kwapa, kwani limfu ya titi huelekea huko zaidi. Zamani wapasuaji waliziondoa tezi zote za kwapani, na wengi wa waliopona walibaki na mkono uliovimba maisha yao yote kwa kukosa njia ya maji. Kuanzia miaka ya 1990 ukaenea utaratibu mpole zaidi: rangi ya bluu au dawa yenye mionzi hudungwa kwenye titi, na tezi ya kwanza kuipokea ndiyo inayotolewa na kuchunguzwa. Ikiwa safi, nyingine huachwa.

Swali lililowasumbua madaktari kwa muda mrefu ni kama seli ya saratani iliyofika tezini imefika mwisho wa safari au iko njiani tu. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Austria, yalitoa majibu kwa pamoja. Katika panya, seli za saratani zilizoingia tezini kwa limfu hazikusubiri kuufuata mto hadi shingoni. Zilipenya ndani ya vena za tezi, zile zinazopokea limfosaiti, kwa mwelekeo ulio kinyume, zikachukuliwa na damu hadi mapafuni. Ukuta uliojengwa kuwapokea walinzi ulikuwa umempitisha mwizi kwenda nje.

Kwa hiyo tezi ile ya bluu inapoletwa maabara, mtaalamu huikata vipande vyembamba na kuvipaka rangi. Huanza kutazama pembezoni, kwenye ukumbi ulio chini ya ganda, kwa maana huko ndiko seli ngeni hufikia kwanza. Kisha husogeza kioo polepole kuelekea ndani, kwenye zile vena zenye kuta nene.